Uso wa mutoto umebadilika
Mazungumuzo na wamama juu ya dawa ya prednisoloni

 

Leo tunazungumuza juu ya dawa moja inayoitwa prednisoloni. Wengine kati yenu munaijua, kwa maana mutoto wako anaikunywa, ao wewe mwenyewe. Wengine hamuijui, lakini munakaa karibu na mama anayeitumia, na maneno yenu yanaweza kumusaidia ao kumuangusha. Basi, musikilize wote.

1. Dawa hii ni ya nini?

Katika mwili wa kila mutu, juu ya kila figo, kuna tezi ndogo. Tezi hizo mbili zinatengeneza kitu kinachoingia katika damu na kutupa nguvu ya kusimama wakati wa ugonjwa, kidonda ao njaa. Mwaka 1948, huko Marekani, munganga Philip Hench na wenzake walimupa mwanamuke mugonjwa wa viungo dawa inayofanana na kitu hicho. Alikuwa hawezi kutembea, na kisha siku chache akatembea. Prednisoloni ni ndugu ya dawa ile.

Tunaitumia kwa magonjwa mengi. Kuna watoto wenye ugonjwa wa mafigo, wanaovimba mwili wote kwa sababu chakula cha damu kinapotea katika mikojo. Kuna wagonjwa wa asima. Kuna wagonjwa wa ukoma ambao mishipa yao inauma na kupoteza nguvu. Wengine wanaikunywa siku chache tu. Wengine wanaikunywa miezi mingi, na hao ndio tunaowasemea leo.

2. Mwili unabadilika namna gani?

Kisha majuma machache mama anaanza kuona mambo haya:
– Mashavu yanakuwa mviringo, uso unakuwa kama mwezi.
– Mafuta yanakaa tumboni na nyuma ya shingo, lakini mikono na miguu inabaki myembamba.
– Njaa inakuwa kali. Mutoto amekula sasa hivi, naye anaomba tena.
– Vipele vinatoka usoni, na nywele ndogo zinaota kwenye mashavu na mugongoni.
– Ngozi ya tumbo na mapaja inapasuka mistari, kama ya mama aliyezaa.
– Usingizi unapungua. Mutoto analia ao anakasirika bure.

Mama, mambo haya yanatoka kwa dawa. Hukumutunza mutoto vibaya, wala hakuna mutu aliyemuroga.

3. Uso wa dawa na uso wa maji

Hapa ndipo wamama wengi wanachanganyikiwa, zaidi wale wa watoto wenye ugonjwa wa mafigo. Mutoto alikuja hospitali amevimba. Akapewa dawa, uvimbe ukaondoka, mama akafurahi. Sasa uso umekuwa mukubwa tena. Mama anasema: «Ugonjwa umerudia, dawa haina kazi.» Lakini hizi ni nyuso mbili, na mama anaweza kuzitofautisha nyumbani kwake.

Uso wa maji: asubui macho yamevimba hata hayafunguki vizuri. Finya mufupa wa muguu kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, kisha uondoe kidole: shimo linabaki. Mikojo ni kidogo na inatoa povu kama ya sabuni. Kilo zinapanda kwa siku chache. Huo ni ugonjwa. Leta mutoto hospitali.

Uso wa dawa: mashavu ni mviringo, lakini macho yanafunguka vizuri asubui. Ukifinya muguu, hakuna shimo. Mikojo ni ya kawaida. Kilo zinapanda polepole, kufuatana na chakula. Huo ni uso wa dawa. Endelea kumupa dawa kama ulivyoambiwa.

Fanya kipimo hiki cha kidole mara mbili kwa juma, asubui, mbele ya mutoto kutembea. Kama una mashaka, usikate shauri peke yako, uje tuangalie pamoja.

4. Maneno ya watu

Majirani wana macho. Mumoja atasema: «Uyu mutoto iko na bwaki.» Mwingine: «Walimupa karuho.» Mama mukwe atasema: «Dawa ya hospitali inamuharibisha, uiache.» Wifi atacheka mashavu yake.

Wengine watasifu! «Mutoto amenona sana, unamupa nini?» Kisha wataomba kidonge. Usimupe mutu hata kimoja. Katika masoko yetu kuna vidonge vya kunenepesha, na vingi vina dawa ya jamaa hii hii. Kuna pia mafuta ya kutakasa ngozi ambayo ndani yake imefichwa. Wanawake wanayapaka miezi na miaka, ngozi inakuwa laini kama karatasi, na kidonda hakiponi mbio. Sisi tunampa mugonjwa dawa hii kwa sababu ugonjwa wake ni mubaya kuliko mabadiliko haya. Mutu muzima anayenunua dawa hii sokoni ananunua ugonjwa kwa feza yake.

Basi utajibu nini? Sema maneno machache: «Ni dawa. Munganga anajua. Itapungua.» Mulete bwana yako hapa siku moja, ao mama mukwe, tumueleze sisi wenyewe. Kama mutoto anasoma, mwambie mwalimu, asiruhusu wenzake kumupa majina. Na mbele ya mutoto mwenyewe usihuzunike juu ya uso wake, kwa maana yeye anajiona katika macho ya mama yake.

5. Usiache dawa kwa gafula

Wamama, kama mutasahau mengine yote, neno hili musilisahau.

Mutu akikunywa dawa hii zaidi ya majuma matatu, zile tezi mbili juu ya mafigo zinalala. Zinaona kazi inafanywa na vidonge, nazo zinapumzika. Sasa mama anaona haya ya uso, anatupa vidonge. Vidonge vimekwisha, na tezi zingali zinalala. Mwili unabaki pasipo mulinzi. Mutoto anakuwa zaifu, anatapika, tumbo linauma, anazimia. Akipata malaria siku hizo, anaweza kufa mbio. Watu watasema dawa imemuua, na kumbe ni kuiacha.

Kwa hiyo munganga anaipunguza kidogo kidogo, ili tezi ziamuke. Kwa mutoto wa mafigo mara nyingi anaanza kuikunywa kila siku, majuma 4 ao 6. Kisha anakunywa siku moja na kupumzika siku moja, mpaka mwisho. Fuata fishi yako. Kabla vidonge havijaisha, bakia na vya juma moja, uje kutafuta vingine. Ukienda safari, ao mukikimbia vita, dawa na fishi viende pamoja nawe, vimefungwa ndani ya kikwembe chako. Munganga wa mahali pengine akiona fishi, atajua la kufanya.

6. Kazi ya mama nyumbani

Dawa. Mupe asubui, kisha kula. Ikitolewa jioni inafukuza usingizi. Ikitolewa na tumbo tupu inaweza kuliumiza.

Chumvi. Pika chakula cha mutoto na chumvi kidogo sana, na kube ya mchuzi usiweke. Samaki ya chumvi na makayabu wale wengine. Chumvi inavuta maji mwilini na kupandisha tansio.

Njaa. Usimupige kwa sababu anaomba chakula, ni dawa inayomusukuma. Lakini usimujaze ugali, mikate na vinywaji vya sukari. Mujaze lengalenga, sombe, maboga, matunda. Mupe maharagi, mayai ao sambaza wabichi, na maziwa yakipatikana, kwa maana dawa hii inapunguza nguvu ya mifupa na ya nyama ya mapaja. Acha acheze na kutembea.

Mavazi. Shona nguo pana kidogo. Nguo inayobana inamukumbusha kila asubui kwamba amebadilika.

Ngozi. Osha uso kwa maji na sabuni ya kawaida. Vipele usivifinye. Mafuta ya sokoni usipake.

Miguu. Avae viatu. Kuna munyoo mudogo unaoingia kwa ngozi ya miguu, na dawa hii inaweza kuuacha uzidi sana mwilini. Ndiyo maana munganga anaweza kutoa dawa ya minyoo mbele ya kuanza.

Chanjo. Mwambie infirmiye kwamba mutoto anakunywa prednisoloni mbele hajapewa chanjo yoyote. Chanjo zingine, kama ile ya surua, zina kijidudu hai kilichozaifishwa, na inafaa kungojea. Lakini wandugu zake wachanjwe wote: wao ndio ukuta wake.

7. Siku ya kuja mbio

Lete mugonjwa siku ile ile:
– akiwa na homa, hata kidogo, kwa maana dawa hii inaficha ugonjwa mukubwa;
– akitapika dawa na haikai tumboni, kwa maana anahitaji kuipata kwa sindano;
– akikaa karibu na mutu wa surua ao tetekuwanga;
– akitoa choo cheusi, ao tumbo likiuma sana;
– akikojoa mara nyingi na kuwa na kiu pasipo kukoma, kwa maana sukari inaweza kupanda;
– akilalamika kichwa ao macho hayaoni vizuri;
– akikohoa majuma mawili.

8. Maulizo ya wamama

Je, uso utarudi? Ndiyo. Dawa ikipungua, mashavu yanapungua, polepole, kwa majuma na miezi. Njaa inatulia, nywele zinaondoka, vipele vinakauka. Mistari ya ngozi inafifia, lakini alama inabaki. Hatutaki kuwadanganya.

Mutoto atakuwa mufupi? Anaweza kukawia kukua wakati wa dawa. Wengi wanakua tena kisha dawa kuisha. Ndiyo maana tunamupima urefu na kuandika.

Mimi ninanyonyesha na ninakunywa dawa hii. Niache kunyonyesha? Hapana. Sehemu ndogo tu inaingia katika maziwa. Utuonyeshe fishi, tuangalie hesabu ya vidonge vyako.

Nina mimba. Niiache? Usiiache kwa gafula. Sema kwa munganga siku ya kwanza ya kupima mimba, na siku ya kuzaa umwambie mama anayekuzalisha.

Tukumbuke

Finya muguu ujue kama ni maji ao ni dawa. Kidonge kisigawanywe na jirani. Dawa haiachwi kwa gafula, inapunguzwa na munganga.

Uso wa mwezi una siku zake, nao utapita. Mutoto abaki. Kwa herini, na wale wenye ulizo lingine wakae, tutasema nao mumoja mumoja.