Njia Aliyopita Kiongozi

Waheshimiwa wazee wetu, akina mama, nanyi vijana wa maeneo ya mpakani,

Tunapokutana nanyi, Gatumba au Kobero, swali moja hurudi: tutamjuaje kiongozi wa kweli kabla hatujamkabidhi usalama wetu? Sisi hatuanzi na cheo chake wala ufasaha wake. Tunauliza amepita wapi, na aliyoyapata huko yalimfanya kuwa mtu wa namna gani.

Mfano ulio karibu ni Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye kaburi lake liko katika kilima cha Vugizo, juu ya mji wetu huu wa Bujumbura. Alizaliwa mwaka 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa, akasoma Astrida na kisha Antwerp, Ubelgiji. Kwa malezi hayo angeweza kuzeeka bila kujua bei ya mkungu wa ndizi sokoni. Lakini mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara hapa mjini, akaketi na wachuuzi, wakiwemo Waswahili wa Buyenzi, ambao walisimama naye hata baada ya ushirika ule kukumbwa na shida za fedha. Mwaka 1960 utawala wa Kibelgiji ulimweka kizuizini. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Septemba, chama chake kilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba akauawa, akiwa waziri mkuu kwa wiki mbili tu. (Hatulisemi hili kwa ajili ya chama chochote. Polisi haina chama.)

Hata hivyo, mapito ya mtu yaweza pia kumzalia kisasi, nalo tusilifiche. Melchior Ndadaye alikimbilia Rwanda mwaka 1972 akiwa kijana, akavuka mpaka kama wengi wenu mlivyovuka, au wazazi wenu. Alipochaguliwa rais mwaka 1993, alimteua Sylvie Kinigi kuwa waziri mkuu: mwanamke, wa kabila jingine, wa chama kilichoshindwa. Uchungu wa ukimbizi haukumfanya awafungie wengine mlango. Naye aliuawa, tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo.

Kwenu jambo hili si la vitabuni. Mpakani, taarifa moja ya uongo juu ya mgeni aliyevuka usiku yaweza kumtia mtu mahabusu asiye na hatia, au kugombanisha koo mbili. Aghalabu anayetuletea taarifa ni mjumbe wa kamati ya usalama mliyemchagua wenyewe. Je, aliyewahi kulala kambini humtazama mgeni kwa jicho gani? Wengine huwa wapole. Wengine, tumeona, huwa wakali kuliko askari. Basi kabla ya kumchagua, ulizeni: jirani yake aliporejea kutoka ukimbizini akadai shamba, yeye alifanya nini? Alipopata nafasi ya kulipiza, je, aliitumia?

Nasi tuulizeni vivyo hivyo. Afisa mpya akiletwa kituoni kwenu, mwulizeni alikulia wapi na alihudumu wapi kabla ya kuja. Akikunja uso, swali lenu bado ni halali, na mkuu wake anaweza kulijibu.

Sasa tunawapa nafasi. Wazee wa Gatumba waanze.