Kabla ya Kununua Pikipiki ya Mkononi: Chunguza Beringi za Krenki

Pikipiki za injini ya mipigo miwili, mfano wa Yamaha DT 125, zina sifa moja: beringi za krenki hulainishwa na oili iingiayo pamoja na petroli tu. Mwenyewe aliyekuwa akiibania oili amekwisha kuzichakaza, hata kama tangi limepakwa rangi jana.

Uikute injini ikiwa baridi. Kabla ya kuwashwa, fundi wako afungue kifuniko cha magneti, alishike gurudumu lililomo, alisukume juu na chini. Likicheza, beringi zimekwisha. Kisha iwashwe. Mgongano wa pistoni mara nyingi hupungua injini ipatapo moto. Mngurumo mzito wa beringi haupungui, bali hukua kadiri mwendo uongezekavyo. Moshi mweupe usiokoma, huku oili ya giaboksi ikipungua, huashiria sili ya krenki imeachia.

Muuzaji akikataa kifuniko kufunguliwa, ondoka. Injini ikikwama katika mteremko wa Kitonga, gurudumu la nyuma laweza kufunga ghafla. Ukiitaka hivyo hivyo, gharama ya kuipasua injini nzima ikatwe kwenye bei kabla hujatoa fedha.