Kumpima Mchezaji Mrefu
(Maneno yaliyosemwa Kwihara, siku ya mkutano wetu)



Hapa Kwihara, mwaka 1872, Dakta Livingstone alingoja wapagazi zaidi ya miezi mitano. Mpagazi, nadhani, hujulikana siku ya kumi ya safari, si siku ya kufunga mzigo.

Mwaka 2009 Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet wa Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Wapimaji waliona sentimita 221, na mipira minne na zaidi aliyozuia kila mchezo. Lakini Februari ile DeJuan Blair, mfupi kwake kwa sentimita 20 hivi, alikwisha mshinda nguvu chini ya kikapu. Msimu wa kwanza haujaisha, Memphis wakampeleka ligi ya chini. Simlaumu kijana, mpira wenyewe aliuanza ana miaka kama 15.

Sasa mnanitaka nimwandikie barua mvulana wetu mrefu aende Dar es Salaam. Sijaandika. Kwanza nimwone robo ya nne, amechoka, na mtu mzito yuko mgongoni mwake.