Mazungumzo Baada ya Habari: Gundi ya Mgunga

Ndugu wanajeshi na ndugu askari polisi,

Jioni ya leo hatutazungumzia bunduki, bali utomvu wa mti. Ichukueni chupa ya soda yenye ladha ya chungwa. Ladha ile ni mafuta, na mafuta na maji, kama tulivyoona sote jikoni kwa mama zetu, hayakai pamoja. Kinachoyashikamanisha mara nyingi ni gundi ya mgunga. Sehemu yake moja hushika tone la mafuta, nyingine huelekea maji, na matone hayaungani tena wala kupanda juu. Mtangazaji huyu amekunywa soda miaka mingi bila kuijua siri hiyo. Gundi hiyo hiyo huzuia masizi ya wino yasizame, na hushikilia unga wa vidonge vya dawa. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara mwaka 1997, gundi ilipewa ruhusa ya pekee. Viwanda vyao havikuweza kuikosa.

Mali hiyo imo nchini mwetu, Renk na Kapoeta. Mchumaji hubandua ganda la tawi, husubiri wiki kadhaa, kisha hurudi kuokota madonge yaliyokauka. Mgunga humpa mavuno msimu baada ya msimu. Ukikatwa, hutoa makaa mara moja tu.

Kwa nini basi mwananchi aukate? Hapo ndipo suala linapowahusu ninyi. Gunia linalotoka Kapoeta kwenda Nadapal, mpakani na Kenya, likitozwa fedha bila stakabadhi kwenye kila kizuizi, faida huisha kabla ya kufika kwa mnunuzi. Makaa nayo hutozwa njiani, lakini mnunuzi wake yuko hapa Juba, na hulipa papo hapo. Mnyonge hupiga hesabu, akashika shoka.

Tangu tarehe 15 Aprili 2023, vita vya Sudan, nchi inayotoa sehemu kubwa ya gundi ya dunia, vimeivuruga biashara hii, na magendo yamevuka mipaka, wetu ukiwamo. Askari wa Renk anayeuliza gunia limetoka wapi, akadai hati, anatimiza wajibu wake. Anayeuliza mwenye gunia ana pauni ngapi mfukoni, huyo hana amri ya mtu yeyote, hata kama mshahara wake umechelewa; na tunajua kwamba huchelewa.

Msimu wa kubandua maganda huanza mvua zikishakoma, karibu na mwezi wa Novemba. Malori yatafuata baadaye.