ZIKIZIMIKA TAA ZA DUNIA, JE, BINADAMU ATABAKI?

(Matini ya muhadhara uliotolewa msikitini Chukwani, Unguja, baada ya swala ya Isha)

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Suala tulilopewa kulizungumza usiku huu ni zito, na wataalamu wa mashariki na magharibi wanaulizana: ustaarabu huu wa viwanda, unaokwenda kwa mafuta, umeme na mashine, ukianguka, je, binadamu ataweza kuishi? Wako wanaolijibu kwa kicheko, na wako wanaolijibu kwa hofu mpaka mikono yao ikalegea. Muislamu anatakiwa alijibu kwa elimu na kwa imani. Na sisi watu wa Unguja tuna ushahidi wetu, kwani tumewahi kuonjeshwa tone la jambo hilo.

FUNZO LA MIEZI MITATU

Umeme wa kisiwa hiki hutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, mwendo mfupi kusini mwa hapa tulipokaa. Tarehe 21 Mei 2008 ilitokea hitilafu, Unguja ikakaa karibu mwezi mzima bila umeme. Watu wakasema limepita. Tarehe 10 Disemba 2009 hitilafu nyengine ikatokea Fumba, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010.

Ndugu zangu, tulichogundua wakati ule ni kwamba taa ndiyo iliyokuwa hasara ndogo. Mwenye kandili aliwasha kandili, na mwenye koroboi aliwasha koroboi. Msiba ulikuwa maji. Maji yetu yako chini ya ardhi, na yanapandishwa kwa pampu. Pampu ikisimama, mfereji unakauka. Mama zetu na watoto wakashika madumu, wakatafuta visima. Na visima vingi vya wazee vilikuwa vimeshafukiwa au vimeachwa vikajaa taka, kwa kuwa tulidhani mfereji hautakauka abadan.

Hapo ndipo watu walipojulikana. Wako waliofungua milango yao, wakasema kisima hiki ni sadaka, chotweni. Na wako walioona shida ya jirani ni soko, wakapandisha bei ya dumu la maji. Mashine zilikuwa zimezimika kwa wote wawili. Kilichowatenganisha ni khofu ya Mwenyezi Mungu.

Waya mpya, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013, na tunamshukuru Allah kwa neema hiyo. Lakini waya mpya nao ni waya. Katika umeme wa gridi ya taifa sasa umo wa bwawa la Mto Rufiji, lililoanza kuzalisha mwaka 2024. Kwa hiyo taa ya Chukwani inategemea pia mvua inayonyesha mbali huko Bara. Hivi ndivyo dunia ya leo ilivyofungamana, uzi mmoja ukivutwa kitambaa kizima kinatikisika.

“WAZEE WETU WALIISHI”

Wako watakaosema: hatuna wasiwasi, wazee wetu waliishi bila umeme. Ni kweli waliishi, lakini hoja hii haitoshi, na tuipime kwa uadilifu.

Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionesha Unguja na Pemba zina watu wapatao 264,000. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha Zanzibar ina watu 1,889,773. Ni mara saba. Ardhi haikuongezeka, bali mashamba mengi ya huku kwetu, Chukwani hadi Fumba, yamegeuka viwanja vya nyumba. Ukitaka kuwalisha watu saba kwa shamba la mtu mmoja, kumbukumbu za wazee peke yake hazitajaza chungu.

Na dunia nzima iko hivyo hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wawili, Fritz Haber na Carl Bosch, walifanikisha njia ya kuitoa naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea kiwandani. Leo kazi hiyo hufanywa zaidi kwa gesi, na inakadiriwa kuwa karibu nusu ya wanaadamu wanakula chakula kilichooteshwa kwa msaada wa mbolea hiyo. Tunaona basi kwamba viwanda vikianguka ghafla, balaa lake halitakuwa la kukosa simu na televisheni. Litakuwa la chakula na maji.

Tena hata wazee wetu hawakuwa wakijitosheleza kama tunavyosimuliana. Walikula mchele wa Burma. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele ule ukakatika na watu wakarejea kwenye muhogo. Serikali ya kikoloni ikaweka mgao wa chakula, na mgao ule ukawatazama watu kwa kabila zao: huyu anastahiki mchele, yule anastahiki unga. Mtu akatafuta nasaba itakayompatia kibaba. Uhaba ni mtihani, lakini uhaba unapogawiwa kwa dhulma huzaa fitna inayobaki baada ya njaa kwisha.

MAFUNZO YA QUR'ANI

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametusimulia habari za watu wawili mbalimbali, tuwazingatie.

Wa kwanza ni watu wa Saba' (Suratu Saba', aya ya 15 hadi 19). Walikuwa na bwawa kubwa na bustani kulia na kushoto. Walipoacha shukrani, yalitumwa mafuriko, bustani zikabadilika kuwa miti ya matunda machungu, na wao wakatawanywa. Zingatieni: hawakumalizika wote. Waliishi, lakini ustaarabu wao ukawa hadithi.

Wa pili ni watu wa Misri wakati wa Nabii Yusuf (A.S.) (Surat Yusuf, aya ya 46 hadi 55). Njaa ya miaka saba iliwajia, na hawakutawanyika. Kwa nini? Nabii wa Allah hakuwaambia wakae wasubiri. Aliwafundisha walime kwa bidii, na walichovuna wakiache katika mashuke yake ila kidogo cha kula. Kisha ghala ikasimamiwa na mtu mwaminifu mwenye ujuzi. Elimu na amana vilikutana, na umma ukavuka.

Jibu letu basi ni hili: binadamu hakuumbwa pamoja na mashine, na kuondoka kwa mashine si lazima kuwe ndio mwisho wake. Kiama kina wakati wake, na ujuzi wake uko kwa Allah peke yake. Anayewatajia watu tarehe anasema asilolijua. Lakini kubaki kwa binadamu si dhamana ya kubaki kwa mtaa huu, wala watoto hawa. Hilo linategemea, kwa idhini ya Allah, tunachokifanya sasa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, maji. Kila msikiti uwe na kisima kinachoweza kutekwa kwa ndoo na kamba au pampu ya mkono, kisafishwe na maji yake yapimwe. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma Madina kwa ajili ya Waislamu. Wakfu wa namna hii ni bora kuliko kuongeza marumaru msikitini.

Pili, chakula. Katika tufani ya mwaka 1872 sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'oka, na watu wakapanda upya. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata Kiama kikisimama na mkononi mwako mna mche, ukiweza kuupanda, upande. Pandeni mashelisheli, muhogo, majimbi na viazi vikuu. Wafundisheni vijana kuanika makopa na kukausha ng'onda, kabla wenye ujuzi huo hawajatutangulia.

Tatu, elimu. Hapa kwetu kipo Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, kilichoanza mwaka 1998 kama chuo cha ualimu. Vijana wa kike na wa kiume wasome sayansi wakijua ni ibada. Mwenye kuweza kutengeneza pampu, kufunga umeme wa jua au kumzalisha mama kwa usalama ni hazina ya mtaa.

Nne, na hili ndilo kubwa, uadilifu. Mtume (S.A.W.) aliwasifu Al-Ash'ariyyun kwa sababu chakula kilipowapungukia walikusanya chote walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawa kwa sawa, akasema wao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Na mwenye kuficha bidhaa ili ziadimike amemwita mkosaji. Sayyidna Umar (R.A.), katika mwaka wa ukame wa 18 Hijria, alijizuilia samli mpaka watu wote waipate.

Kwa hiyo kabla hatujaondoka, natoa rai. Kamati ya msikiti iandike orodha ya wajane, mayatima, wagonjwa na wazee wanaokaa peke yao katika mtaa huu, na jina la jirani atakayewapelekea maji siku mfereji utakapokauka. Orodha hii haihitaji umeme wala mfadhili. Inahitaji karatasi, kalamu na watu wenye kutimiza ahadi. Tukishindwa hilo wakati taa zinawaka, hatutaliweza gizani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaoshukuru wakati wa neema na wanaosubiri na kusaidiana wakati wa dhiki. Amin.