Uwanja Kwanza: Kuanzisha na Kukuza Klabu ya Ridhaa ya Halingi Mjini



Kamati ya maandalizi ya semina hii iliniomba nieleze namna ya kuanzisha klabu ya mchezo usiojulikana katika mji mkubwa, na namna ya kuikuza ikishaanza. Wengi wenu hapa mnaongoza timu za kandanda za Wakongomani, Wakenya, Watanzania na Warundi katika miji ya Marekani. Mimi ni katibu wa klabu ya halingi katika mmojawapo wa miji hiyo, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Michezo yetu ni tofauti, lakini ofisi ya viwanja tunayoipigia foleni ni ile ile, na nyasi tunazozigombea ni zile zile. Kwa hiyo naomba nipite haraka kwenye mambo mnayoyajua, nikae zaidi pale panaponinyima usingizi.

Maana na historia kwa ufupi

Halingi ni mpira wa magongo wa Waayalandi. Timu kamili ina wachezaji 15. Gongo hutengenezwa kwa mti wa eshi na lina bapa pana mwishoni. Mpira ni mdogo, wa ngozi, huitwa slita, na uzito wake ni kati ya gramu 110 na 120. Milingoti ina umbo la H. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya ni goli, lenye thamani ya pointi 3. Ukipita juu yake ni pointi 1. Wanawake hucheza kamogi, ambao ni mchezo huo huo wenye tofauti chache za kanuni.

Chama kinachosimamia halingi, GAA, kiliundwa Thurles, kaunti ya Tipperary, tarehe 1 Novemba 1884. Mpaka leo wachezaji wake hawalipwi mshahara, hata wale wanaocheza fainali Croke Park, Dublin, mbele ya watu zaidi ya 80,000. Jumatatu wanarudi kazini: mwalimu darasani, mkulima kwa ng'ombe wake. Hiyo ndiyo ridhaa, na sina haja ya kuifafanua kwa watu wanaonunua jezi za timu kwa pesa za mifuko yao. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mchezo huu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Marekani halingi ilifika na wahamiaji. Habari mpya zaidi ni kuzaliwa kwa klabu katika miji ambayo si ngome ya Waayalandi. Milwaukee ilianza katikati ya miaka ya 1990, Indianapolis mwaka 2002. Wachezaji wengi wa klabu za namna hii ni watu ambao hawakuwahi kushika gongo kabla ya kujiunga. Milwaukee ilifanya jambo la busara sana: hugawa wanachama wake katika timu za ndani, wanaume kwa wanawake, ili mwanafunzi apate mechi bila kusubiri kuchaguliwa. Nani atavumilia mwaka mzima kwenye benchi la mchezo asioujua?

Mimi niliingia kwa njia ya gongo. Nilicheza hoki sekondari Nairobi, na nilipoona watu bustanini wakipiga mpira hewani kwa magongo nilisimama kutazama. Nilipokaribishwa, mikono ilikumbuka kazi, ingawa ilinichukua miezi kujifunza kuinua gongo juu ya bega bila kuhisi kwamba mwamuzi atapuliza filimbi.

Vifaa na fedha

Hapa sitakaa. Magongo huvunjika, na eshi inazidi kuwa adimu: ugonjwa wa ukungu unaoua miti hiyo ulithibitishwa Ayalandi mwaka 2012, na huku Marekani mbawakawa aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ameiteketeza kwa mamilioni. Magongo ya plastiki ngumu yanasaidia, hasa kwa wanaoanza. Helmeti yenye kinga ya uso imekuwa lazima tangu 2010, na klabu iwe na za kuazima, kwa sababu mgeni hanunui helmeti kwa ajili ya mchezo atakaoujaribu mara moja. Ada, michango na chakula cha kuuza vitalipia haya yote. Tatizo linalokwisha kwa pesa hukwisha siku pesa zikipatikana. Ninalotaka kulizungumza leo haliko hivyo.

Uwanja

Uwanja wa halingi una urefu wa mita 130 hadi 145 na upana wa mita 80 hadi 90. Uwanja wa kandanda wa kimataifa hauzidi mita 110 kwa 75. Ule wa futiboli ya Kimarekani unakaribia mita 110, pamoja na maeneo yake ya mwisho, lakini upana wake haufiki hata mita 49. Ukiacha miji yenye Waayalandi wengi tangu zamani, kama New York yenye Gaelic Park kule Bronx, hutakuta uwanja uliopimwa kwa ajili yetu. Tunapunguza wachezaji: 13, 11, 9, wakati mwingine 7. Tunaunganisha viwanja viwili vya watoto. Siku moja tulipima bustani nzima kwa kamba yenye fundo kila mita 10, watu wanne, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, tukagundua kwamba ukichora mistari kwa kukingama na mto, badala ya kuufuata, unapata mita 128. Tulishangilia kama tuliofunga goli.

Milingoti pia ina jawabu. Goli la kandanda lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, la halingi ni mita 6.5 kwa 2.5. Tofauti ya kimo ni sentimita 6 tu. Tunafunga mabomba ya plastiki kwenye nguzo za goli la kandanda, na tuna milingoti ya H kwa jioni moja. Lakini yafungeni vizuri na muweke uzito chini. Bomba likiangushwa na upepo karibu na mtoto, kibali chenu kimekwisha, na ofisi itakuwa na haki.

Ugumu wenyewe uko kwenye kibali.

Mara ya kwanza nilipokwenda kuomba, nilibeba gongo na slita mfukoni, nikiamini kuonyesha ni bora kuliko kueleza. Ofisa aliyenipokea alilipima gongo mkononi, akapitisha kidole kwenye ukanda wa bati uliofungwa kwenye bapa, akauliza, "Na hili mnaliinua juu ya kichwa?" Nikajibu ndiyo. Akalirudisha mezani taratibu, akaandika kwenye fomu neno moja: hatari. Tulisubiri wiki 11. Laiti ningetanguliza cheti cha bima na kanuni ya helmeti, na gongo likaja mwisho, nadhani tungesubiri wiki mbili.

Sisemi haya kuilaumu ofisi yoyote. Maofisa wengi niliokutana nao ni waungwana wanaogawa viwanja vichache kwa watu wengi, na utaratibu wao una sababu. Kwanza shughuli za mji wenyewe na shule. Kisha ligi za watoto na vijana. Kisha watu wazima waliotumia uwanja huo mwaka jana. Kinachobaki hupewa wapya. Nimeusoma utaratibu huo mara nyingi, nami nauheshimu. Lakini lazima niseme wazi, kwa sababu nimelisema kwa adabu miaka tisa bila kusikika: mwombaji mpya hana mwaka jana. Na kila tunapohamishwa uwanja, mwaka wetu wa jana unafutwa, tunarudi mkiani. Klabu inaweza kutimiza miaka tisa huku kila Januari ikihesabiwa kuwa imezaliwa jana.

Wakati huo huo viwanja vinalala. Nimepita Jumanne jioni, si mara moja, kwenye uwanja ambao katika ratiba una mwenyewe, nikakuta bata bukini wakila nyasi. Timu iliuomba kwa tahadhari, isije ikauhitaji, na hakuna anayeuliza kama iliutumia.

Labda mtasema hili ni jambo la kuhamahama tu, na sisi kuhama tumekuzoea. Naomba niwasimulie Mei ya mwaka wetu wa tatu. Tulikuwa tumebandika matangazo maktaba, vyuoni na kwenye maduka ya kahawa, na wageni 22 walijiandikisha kwa mazoezi ya kwanza. Siku yenyewe, saa sita mchana, tuliarifiwa kwamba uwanja umepewa mashindano ya softiboli, nasi tumehamishiwa bustani nyingine iliyo kilomita 9 mbali. Tulipiga simu na kutuma ujumbe mpaka vidole vikauma. Wenzangu walitangulia kule. Mimi nilibaki uwanja wa kwanza na helmeti 20 kwenye gari, nikiwaelekeza waliofika. Alikuja mzee mmoja na binti yake wa miaka kumi na mitano hivi. Walikuwa wamepanda mabasi mawili. Binti alikuwa amevaa viatu vipya vya njumu. Niliwaomba niwapeleke, lakini basi la mwisho la kurudi kwao halikupita karibu na bustani ya pili, na mzee akasema, "Basi, siku nyingine." Sikuwaona tena. Kati ya wageni 22, sita tu walifika kule, na wiki iliyofuata walirudi wawili.

Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba klabu hukua kwa matangazo. Mtu mzima anayejifunza mchezo mgeni anaona haya. Anakosa mpira, anajigonga mguu, na watoto wanapita wakimtazama. Kinachomrudisha ni kujua kwamba Jumamosi ijayo, saa ile ile, mahali pale pale, atawakuta watu wale wale wanaolijua jina lake. Ondoa uhakika huo, na hata kocha bora hatamshika. Mchezaji mzoefu atakufuata kilomita 9. Mgeni hatakufuata, na klabu changa inaishi kwa wageni.

Lililotusaidia

Mwaka wa sita kiongozi wa timu ya vijana ya kandanda, wengi wao watoto wa familia zilizotoka Kivu, alinikuta foleni ofisini. Tulisalimiana kwa Kiswahili, tukajikuta tunaomba uwanja mmoja. Yeye alikuwa na kipaumbele cha vijana, lakini hakuwa na bima wala mtu wa kuandika maombi kwa wakati. Sisi tulikuwa na bima na makaratasi yote, ila tulikuwa mwisho wa foleni. Tuliandika ombi moja la pamoja: wao saa mbili hadi saa nne asubuhi, sisi saa nne hadi saa sita, gharama nusu kwa nusu, na sisi tuchore mistari ya pande zote mbili. Lilikubaliwa. Tuko uwanja huo mwaka wa nne sasa. Baadhi ya vijana wale hubaki baada ya saa nne kujaribu gongo, na wawili wamejiunga nasi.

Angalizo: watoto wasigeuzwe ngao ya kupatia kibali. Ombi la pamoja liwe na faida ya kweli kwa vijana, na ofisi ielezwe ukweli wote, nani anatumia saa ngapi.

Mapendekezo

Kwa wanaoanzisha klabu napendekeza uwanja utafutwe kabla ya jina, jezi na nembo. Tafuteni hata uwanja mdogo wa watu saba kila upande, mradi uwe wenu kwa siku moja na saa moja kila wiki kwa majira yote. Uwanja mdogo wa kudumu ni bora kuliko mkubwa wa kuhamahama. Msianze kutangaza kabla ya kibali kuwa mkononi kwa maandishi.

Jisajilini kama taasisi isiyo ya faida, mjiunge na chombo cha mchezo wenu, na mpate cheti cha bima mapema. Cheti kitangulie, kifaa kifuate. Nimelisema hili juu, narudia kwa sababu lilitugharimu wiki 11.

Wekeni daftari la mahudhurio la kila juma: tarehe, saa, idadi ya watu, hali ya uwanja. Mkiambiwa hamna historia, mfungue daftari. Na uwanja mliopewa mkishindwa kuutumia, rudisheni nafasi hiyo mapema kwa maandishi. Tukilalamikia wanaoshikilia viwanja vitupu, tusiwe miongoni mwao.

Ombeni pamoja. Timu tatu zenye ombi moja husikilizwa zaidi kuliko timu tatu zenye malalamiko matatu. Hapa ukumbini kuna timu za mji mmoja ambazo zimekuwa zikinyang'anyana uwanja bila kujuana.

Kwa ofisi za viwanja, kwa heshima zote, napendekeza mambo matatu. Historia ihesabiwe kwa klabu, isihesabiwe kwa uwanja, ili anayehamishwa asirudi mwanzo. Kibali kisichotumika mara tatu mfululizo kirudishwe kwenye ratiba. Na sehemu ndogo ya saa za jioni, hata moja kati ya kumi, itengwe kila majira kwa waombaji wapya. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kujenga uwanja mpya.

Kwa kamati ya semina hii, naomba iteue watu wawili wakusanye tarehe za maombi za kila mji, kwa maana wengi tunakosa viwanja kwa kuomba Aprili kitu kilichogawanywa Januari.

Mfano wa barua ya ombi la pamoja, mchoro wa uwanja wenye vipimo, na ukurasa mtupu wa daftari la mahudhurio viko mezani karibu na mlango. Katika mji wetu dirisha la maombi hufunguliwa Novemba. La kwenu liulizieni Jumatatu.