Majina Matano ya Mama Mmoja: Ugumu wa Kuandika Historia ya Kilabu cha Wanawake wa Chuo Kikuu

Mada ya semina ya wanawake wenye diploma za chuo, Luvungi



Mmeniomba nieleze historia ya vilabu vya wanawake waliosoma chuo kikuu, na jinsi ninyi wa Luvungi mtakavyoandika ya kwenu. Nitangulize kusema kwamba maoni haya ni yangu. Taasisi ninayoitumikia haijayapitisha. Na ninaposema Luvungi ni hii yetu ya barabara ya Bukavu hadi Uvira, kati ya Kamanyola na Sange, si ile ya Walikale, ambayo waandishi wa ripoti huichanganya na hii kila siku.

1. Maana ya maneno

Hapa nitapita haraka. Kilabu ni watu waliokubaliana kukutana, wenye kanuni na kiongozi. Mwanamke wa chuo kikuu, kwa semina hii, ni aliyemaliza angalau graduat, yaani miaka mitatu ya kwanza ya chuo katika mfumo wa zamani. Najua wapo wanaotaka lisansi peke yake. Kwa mji kama huu huko ni kujinyima watu: walimu wengi wa sekondari zetu walitoka chuo cha ualimu cha ISP Bukavu na graduat yao, wakaingia darasani moja kwa moja.

2. Tulikotoka

Shirikisho la kimataifa la wanawake wa vyuo vikuu lilianzishwa mwaka 1919, Waingereza na Wamarekani walipotoka katika vita kuu. Kwa jirani zetu wa Uganda, chuo cha Makerere kilipokea wanawake sita wa kwanza mwaka 1945. Sarah Ntiro alihitimu Oxford mwaka 1954, akarudi kufundisha katika shule ya Gayaza, na alipoona analipwa chini ya wanaume alikataa mshahara wote. Kisa hicho tunakijua kwa sababu kiliandikwa kwa jina lake.

Kwetu Kongo, chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, lakini uhuru ulitukuta bila mwanamke hata mmoja mwenye diploma ya chuo kikuu. Malezi ya mwanamke wa mjini yaliachiwa foyer social, vituo vya kikoloni vya mafunzo ya nyumbani. Ile ya Usumbura, Bujumbura ya leo, ng'ambo ya mto Ruzizi, ilianza mwaka 1946 ikifundisha kushona, kupika, kufua na kutunza mtoto. Sophie Kanza alimaliza sekondari mwaka 1961, wa kwanza nchini, akasoma Geneva, na mwaka 1966 akawa waziri.

Miaka ya MPR, chama pekee cha Mobutu, chama hicho kilimeza kila kikundi, kwa hiyo hakuna mengi ya kusimulia. Baada ya tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza vyama vingi, milango ilifunguka. Bukavu ilikuwa imeshapata Chuo Kikuu cha Kikatoliki mwaka 1989. Chuo Kikuu cha Kiinjili (UEA) kikafuata mwaka 1991, na kile ambacho leo ni Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu (UOB) mwaka 1993. Binti wa uwanda huu wa Ruzizi hakulazimika tena kwenda Kisangani au Lubumbashi.

3. Tatizo lenyewe

Kila ninapouliza karatasi za vilabu, jibu ni moja: vita viliziunguza. Ni kweli kwa sehemu. Vita vya Oktoba 1996 vilipita katika uwanda huu kabla ya kufika Bukavu, na Lemera, ambako hospitali ilivamiwa, wanakumbuka usiku wa tarehe 6 kuliko mimi. Ila jibu hilo limekuwa rahisi mno. Karatasi zipo: kwenye parokia, kwenye shule, kwa wafadhili, na zaidi ya zote kwenye madaftari ya MUSO na likelemba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopeshana pesa. Daftari la mikutano hufungiwa maandazi, lakini daftari la madeni halitupwi na mtu. Shida ni kwamba ukizikusanya karatasi hizo zote mezani, majina hayakutani.

Chukueni mwalimu mmoja, nisimtaje. Alibatizwa Antoinette. Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya Kikristo, kwa hiyo diploma yake ya mwaka 1974 ina jina la babu na jina la asili tu. Akaolewa, kwenye barua za parokia ni Madame wa bwana fulani. Akazaa, kwenye daftari la MUSO ni Mama Bahati, na katika mtaa huo kina Mama Bahati ni wengi. Akapandishwa cheo kuwa prefe, yaani mkuu wa sekondari, na picha ya Machi 8, Siku ya Wanawake, inamwita Mama Prefe, amesimama kati ya wenzake waliovaa kitenge kimoja, na nyuma ya picha umeandikwa mwaka peke yake. Baada ya 1990 jina Antoinette likarudi. Mtafiti kutoka mjini anahesabu wanawake watano, au hahesabu yeyote.

Msidhani ni mambo ya kijijini. Sophie Kanza mwenyewe ni Lihau-Kanza kwa ndoa, na wakati wa otentisite, siasa hiyo ya majina ya asili, ni Zala Lusibu N'Kanza. Yeye alikuwa waziri, watu walimfuatilia. Mwalimu wa Luvungi atafuatiliwa na nani?

Sheria nayo iliongeza giza. Kifungu cha 448 cha Sheria ya Familia (Code de la famille) ya mwaka 1987 kilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutoa huduma yeye mwenyewe. Kilirekebishwa mwaka 2016 tu. Ndiyo maana ninapokutana na kanuni za zamani za kikundi cha wanawake, chini yake nakuta sahihi ya mume, ya padri au ya msichana ambaye hakuwa ameolewa, huku wale waliokianzisha kweli hawaonekani. Nimeandika barua nyingi juu ya hili. Ofisi moja ilinijibu kwamba jambo linasomwa; nyingine ilimwambia mstaafu alete mashahidi kwamba diploma yake ni yake. Nisiseme zaidi, tumealikwa na viongozi wa serikali.

4. Mapendekezo

Daftari la wanachama lifunguliwe kabla ya kilabu kuandika kanuni. Safu ya kwanza iwe jina kama lilivyo kwenye diploma, herufi kwa herufi, hata kama mwenyewe halipendi. Zifuatazo zibebe jina la ubatizo, la ndoa, la mtoto wa kwanza na la kazi.

Anayetia sahihi atie kwa jina la diploma. Mume akitaka kusaidia, asaidie kwa mchango.

Sheria ya vyama ya tarehe 20 Julai 2001 inapitisha ombi la utu wa kisheria kwa Waziri wa Sheria, Kinshasa. Mkipeleka orodha ya kina Mama Bahati itarudi, na safari ya karatasi kutoka hapa hadi Kinshasa mnaijua.

Wazee wahojiwe sasa, wakiwa na picha mikononi, na kila uso uandikiwe majina yake yote. Anzeni na walimu wastaafu. Ndio wengi na ndio wanaoondoka.

Parokia na wakuu wa shule waombwe kwa barua, si kwa mdomo, waruhusu kunakili rejista.

Madaftari ya MUSO yasichomwe deni likiisha. Wizara na washirika wanaopenda kutoa vitenge vya Machi 8 watoe pia madaftari yenye jalada gumu. Bei yake ni ndogo kuliko sare ya mtu mmoja.

Narudia juu ya jina la diploma, kwa kuwa nimelisema katika semina nyingine na halikufanyika: liwe safu ya kwanza.

Nakala za daftari ziwe tatu: moja iende kwenye maktaba ya chuo Bukavu, moja Uvira, moja ibaki hapa Luvungi, shuleni. Isikae nyumbani kwa mama prezidenti, hata akiwa mwaminifu namna gani, maana vilabu hugombana, na mara nyingi daftari huondoka na aliyekasirika.